Filamu ya San Francisco (1936): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Filamu hii inahusu nini hasa?

San Francisco ni filamu ya mapenzi, muziki na maafa iliyotolewa na kampuni ya MGM mwezi Juni mwaka 1936. Iliongozwa na W. S. Van Dyke kwa mswada wa Anita Loos, uliotokana na kisa kilichobuniwa na Robert Hopkins. Hadithi inaanza usiku wa kuukaribisha mwaka 1906. Mary Blake, binti wa mchungaji kutoka mji mdogo wa Benson huko Colorado, anaunguliwa na nyumba aliyopanga chumba na kuingia katika klabu iitwayo Paradise akitafuta kazi ya kuimba. Mwenye klabu, Blackie Norton, ni mcheza kamari asiyemwamini Mungu wala mtu, ila anamheshimu rafiki yake wa utotoni, Padre Tim Mullin. Blackie anamwajiri Mary, kisha anampenda. Wakati huohuo tajiri wa kilima cha Nob Hill, Jack Burley, anaisikia sauti ya Mary na kutaka kumpeleka katika jumba la opera la Tivoli, huku naye akimtaka awe mke wake.

Wanaume wawili wanamgombea mwanamke mmoja, na padre anasimama katikati akijaribu kuziokoa roho za wote. Wengi huishia hapo wanapoieleza filamu hii. Mimi naona moyo wake uko mbele zaidi, baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1906 kulipiga jiji la San Francisco, pale mtu aliyezoea kuamuru anapozunguka kwenye vifusi siku nzima akimuuliza kila anayekutana naye kama amemwona Mary. Mengi yaliyotangulia yanamwandaa mtazamaji kulibeba swali hilo moja.

Waigizaji wakuu ni akina nani?

Blackie ni Clark Gable, Mary ni Jeanette MacDonald, Padre Mullin ni Spencer Tracy, na Burley ni Jack Holt. Jessie Ralph anaigiza kama mama yake Burley, mwanamke mzee aliyewahi kufua nguo za watu kabla familia haijatajirika. Yeye ndiye mwenye tukio ambalo mimi hulirudia kila ninapoitazama filamu hii: anaketi na Mary na kumsimulia kwa upole jinsi alivyowahi kumpenda mwanamume wa aina ya Blackie, na kwa nini hakuolewa naye.

Gable alikuwa tayari na tuzo ya Oscar aliyoipata kwa filamu ya mwaka 1934, na MacDonald alikuwa nyota wa filamu za muziki. Tracy alikuwa na mwaka mmoja tu tangu ahamie MGM akitokea Fox, na ni kazi hii iliyomfikisha katika daraja la juu. Yeye na Gable waliigiza pamoja katika filamu tatu, na hii ndiyo ya kwanza.

Je, Blackie Norton aliishi kweli?

Hapana, lakini hakutoka hewani. Loos na Hopkins walimchora kwa kumkumbuka Wilson Mizner, mcheza kamari na mwandishi wa tamthilia waliyemfahamu wote wawili, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1933. Huenda ndiyo sababu mhusika huyu ana uchangamfu ambao mhalifu wa kubuniwa tu asingekuwa nao, kwa kuwa walioandika maneno yake walikuwa wakimlilia rafiki.

Barbary Coast inayotajwa katika filamu ilikuwa mahali gani?

Ulikuwa mtaa halisi wa San Francisco uliokua tangu enzi za kukimbilia dhahabu, katikati ya karne ya 19. Ulijaa vilabu vya pombe, kumbi za dansi, kamari na madanguro, na mabaharia walioshuka melini waliishia huko na mishahara yao. Jina lenyewe lilikopwa kutoka pwani ya Afrika Kaskazini, ambayo mabaharia wa Ulaya waliihofia kwa sababu ya maharamia.

Filamu inausafisha mtaa huo kiasi kikubwa. Mwaka 1936 studio za Hollywood zilikuwa chini ya kanuni za maadili zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, kwa hiyo madanguro hayaonekani, na aibu kubwa anayofanyiwa Mary ni kupandishwa jukwaani na nguo fupi inayoonyesha miguu. Padre Mullin anapomzuia, Blackie anampiga ngumi ya uso. Mtazamaji tayari ameshaonyeshwa wawili hao wakipigana masumbwi kwa mazoezi, na padre ndiye aliyemwangusha mwenzake, kwa hiyo anajua kwamba padre angeweza kuirudisha ngumi hiyo vizuri sana. Harudishi. Damu inamtoka mdomoni, anasimama kimya, na Mary anaondoka naye. Kwangu hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote ya kabla ya tetemeko, na halikuhitaji hata tofali moja kuanguka.

Tetemeko halisi lilitokea lini, na lilikuwa na nguvu kiasi gani?

Lilitokea siku ya Jumatano, tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12 alfajiri. Filamu inasema dakika 13, na tofauti hiyo ni ndogo mno kuwa na uzito. Ardhi ilipasuka kwenye ufa wa San Andreas kwa urefu wa takriban kilomita 477, na mahali fulani upande mmoja uliteleza karibu mita 6 kuupita upande wa pili, hata uzio wa mashamba ukakatika na vipande vyake kuachana. Wataalamu wa leo wanakadiria nguvu yake kuwa karibu 7.9 kwenye kipimo cha matetemeko, na mtikisiko mkubwa ulidumu chini kidogo ya dakika moja au zaidi kidogo, kutegemea mtu alikuwa wapi.

Idadi ya vifo iliyotangazwa wakati ule ilikuwa ya mamia tu. Uchunguzi wa miongo ya baadaye, ambao kwa sehemu kubwa ulifanywa kwa subira na mkutubi wa jiji, Gladys Hansen, uliipandisha hadi 3,000 au zaidi. Katika jiji la watu wapatao 400,000, zaidi ya nusu walibaki bila makazi, na majengo yapatayo 28,000 yaliteketea. Wanasayansi nao walipata somo kubwa: kutokana na vipimo vya ufa huo, Harry Fielding Reid alieleza mwaka 1910 kwamba miamba hujikunja polepole kwa miaka mingi kama upinde unaovutwa, kisha hukatika na kurudi kwa ghafla. Maelezo hayo bado ni msingi wa elimu ya matetemeko.

Kwa nini tetemeko linachelewa kiasi hicho katika filamu?

Swali hili huulizwa na watazamaji waliozoea filamu za maafa za siku hizi, ambazo hutangulizwa na mwanasayansi anayepuuzwa na mbwa wanaobweka. Hapa hakuna dalili yoyote. Filamu ina urefu wa takriban dakika 115, na sehemu kubwa inapita katika nyimbo, mabishano na mipango ya watu wanaodhani wana kesho. Maandishi ya mwanzoni yanataja siku na saa ya maafa, kisha hadithi inanyamaza juu yake kabisa. Ni mtazamaji peke yake anayejua, na kujua huko kunayafanya maneno mepesi ya wahusika yawe mazito.

Hata hivyo, mswada haukukaa bila kupanda mbegu, ila mbegu hizo ni za moto. Hadithi inafunguliwa kwa nyumba inayoungua. Watu wa Barbary Coast wanamwomba Blackie agombee nafasi katika baraza la jiji ili apiganie sheria za kuzuia moto katika majengo yao ya mbao, na Burley, anayemiliki majengo hayo, anapinga kwa sababu matengenezo yatamgharimu. Mtazamaji asiye makini huona siasa hizo kama kijazio cha hadithi. Akiitazama filamu mara ya pili atagundua kwamba mwandishi alikuwa akimwonyesha tangu dakika za kwanza ni kitu gani kitakachoiangamiza San Francisco, na ni nani aliyekataa kuizuia hatari hiyo.

Walilitengenezaje tetemeko bila kompyuta?

Kwa mashine, kamba na ukataji wa picha. Wataalamu wa MGM, wakiwemo James Basevi na A. Arnold Gillespie, walijenga kumbi na mitaa juu ya majukwaa yaliyoweza kutikiswa na kuvutwa yakaachana. Kuta zilijengwa ili zibomoke kwa amri, na matofali mepesi yakamwagwa kutoka juu. Baadhi ya mandhari ya jiji ni mifano midogo ya majengo iliyopigwa picha kwa karibu.

Lakini uhandisi pekee hauelezi kwa nini tukio hilo bado linatisha baada ya miongo tisa. John Hoffman aliunganisha vipande vifupi sana vya picha: uso unaopiga kelele, sanamu inayoanguka, gurudumu linalozunguka peke yake, ukuta unaopinda, mkono. Jicho halipati nafasi ya kupumzika wala kuelewa liko wapi, kama vile mtu aliye ndani ya tetemeko halisi asivyoelewa. Pia hakuna muziki. Filamu iliyokuwa ikiimba tangu mwanzo inanyamaza, na kinachosikika ni ngurumo ya ardhi, mbao zinazokatika na vilio, kisha kimya. Watu wanaanza kuinuka kutoka vumbini, na ardhi inatikisika tena.

Ni tetemeko au moto ulioliangamiza jiji?

Sehemu kubwa ya uharibifu ilitokana na moto. Majiko na mabomba ya gesi yaliyopasuka yaliwasha mioto mingi kwa wakati mmoja, na mmoja kati ya ile mikubwa ulianza pale mtu alipopika kifungua kinywa katika nyumba ambayo bomba lake la moshi lilikuwa limepasuka bila yeye kujua. Mabomba makuu ya maji yalikuwa yamekatika, kwa hiyo wazima moto walifungua koki na kukuta hakuna tone. Mkuu wao, Dennis Sullivan, alijeruhiwa vibaya katika dakika za mwanzo na kufariki siku chache baadaye. Kwa takriban siku tatu, mitaa ikawa inaondoka mmoja baada ya mwingine.

Jenerali Frederick Funston alileta wanajeshi mjini, na majengo yakaanza kulipuliwa kwa baruti ili kuutengenezea moto pengo usilovuka. Mara nyingi baruti iliyotumiwa na wasioijua vizuri iliwasha mioto mipya. Upande wa magharibi moto ulidhibitiwa kwenye barabara pana ya Van Ness. Filamu inaonyesha nyumba za kifahari za Nob Hill zikilipuliwa, na mama yake Burley akiitazama ya kwake kabla haijaanguka, baada ya mwanawe kufa. Ni kweli kwa roho ya tukio, kwa sababu Nob Hill iliteketea. Meya Eugene Schmitz alitoa amri ya kuwapiga risasi waporaji, ingawa sheria ya kijeshi haikutangazwa rasmi wakati wowote.

Kuna jambo jingine ambalo linanifanya niithamini filamu hii zaidi. Baada ya mwaka 1906, viongozi wa biashara walipendelea kuyaita maafa yale moto mkubwa. Bima nyingi zililipa hasara ya moto na si ya tetemeko, na mwekezaji hawezi kuogopa moto kama anavyoogopa ardhi yenyewe, kwani kila jiji huweza kuungua. Miaka 30 baadaye filamu ya mapenzi ililirudisha tetemeko mahali pake, mbele ya macho ya mamilioni ya watu.

Je, kweli kulikuwa na opera kabla ya tetemeko?

Ndiyo, ila si ile ya kwenye filamu. Usiku wa tarehe 17 Aprili kampuni ya Metropolitan Opera ya New York ilikuwa ziarani San Francisco, na Enrico Caruso aliimba katika Carmen kwenye jumba la Grand Opera House. Alfajiri tetemeko lilimkuta katika hoteli ya Palace, na alitoka salama. Tivoli nayo ilikuwa jumba halisi la jiji hilo, lakini mafanikio ya Mary humo ni ya kubuniwa.

Filamu inasema tetemeko lilikuwa adhabu ya Mungu?

Haisemi waziwazi, lakini imepangwa hivyo. Blackie anamkana Mungu, anampiga mtumishi wake, anautupa sakafuni ushindi ambao Mary amempatia kwa kuiwakilisha Paradise kwenye mashindano ya uimbaji, na papo hapo dari linaporomoka. Sikubaliani na mpangilio huo, na wakazi wa San Francisco wa wakati ule walikuwa na sababu nzuri ya kutokukubaliana nao pia. Makanisa mengi yaliungua, lakini ghala la pombe kali la Hotaling, ukingoni mwa Barbary Coast, lilisalimika, na jambo hilo likatungiwa shairi fupi lililouliza Mungu gani huyo anayewaadhibu walevi kwa kuchoma makanisa na kuiacha pombe. Barbary Coast yenyewe ilijengwa upya haraka na kuendelea na biashara zake hadi sheria zilipoifunga katika muongo uliofuata.

Anayeiokoa filamu na mahubiri hayo ni Padre Mullin, kwa namna Tracy alivyomwigiza. Baada ya maafa hamsuti rafiki yake wala hamwambii kwamba alimwonya. Yumo kati ya majeruhi, amechoka, anafanya kazi. Blackie anapomuuliza kuhusu Mary, anamtazama kwa muda, kama anayepima ni kwa nini anaulizwa, kisha anampeleka alipo.

Kwa nini hakuna wahusika wakuu wa Kichina?

Hili ni pungufu kubwa la filamu, na sioni sababu ya kulifunika kwa udhuru wa wakati wake. San Francisco ilikuwa na mtaa mkubwa wa Wachina, jirani kabisa na Barbary Coast na Nob Hill, yaani katikati ya ramani ya hadithi hii. Uliteketea wote. Hata majivu hayajapoa, baadhi ya viongozi wa jiji walianza kupanga kuwahamishia wakazi wake pembezoni, huko Hunters Point, ili ardhi yao yenye thamani ichukuliwe. Wakazi walikataa, serikali ya China ikawaunga mkono kupitia wanadiplomasia wake, na mtaa ukajengwa upya palepale.

Moto uliunguza pia kumbukumbu za kuzaliwa kwa watu zilizotunzwa na jiji. Tangu mwaka 1882 sheria ya Marekani ilikuwa imewazuia wafanyakazi wa Kichina kuingia nchini. Kumbukumbu zilipopotea, Mchina aliyekuwepo aliweza kudai kwamba alizaliwa San Francisco, hivyo ni raia, na kwamba ana wana huko China wenye haki ya kuja. Wengi waliingia kama wana wa makaratasi tu, wakiwa wamekariri historia za familia zisizo zao ili wajibu maswali ya maafisa wa uhamiaji. Kisa hicho cha kujitafuta na kutafutana kina mapenzi na machozi ya kutosha filamu kadhaa, na hii haikukigusa.

Filamu ilipata tuzo gani?

Iliteuliwa kuwania Oscar sita, zikiwemo za filamu bora, mwongozaji, kisa asilia na mwigizaji bora wa kiume, ikashinda moja ya kurekodi sauti, iliyokabidhiwa kwa Douglas Shearer. Mitikisiko ile haikupata tuzo yake kwa sababu tuzo ya mbinu maalumu za picha ilikuwa bado haijaanzishwa. Watu hushangaa kwamba aliyeteuliwa ni Tracy, mwenye nafasi ndogo, na si Gable. Mwaka huo ndio tuzo za waigizaji wasaidizi zilitolewa kwa mara ya kwanza, lakini yeye aliwekwa miongoni mwa waigizaji wakuu, akashindwa na Paul Muni. Miaka miwili iliyofuata alishinda mfululizo.

Wimbo wa filamu ulitungwa na nani?

Muziki wa wimbo huo, uitwao pia San Francisco, ni wa Bronislaw Kaper na Walter Jurmann, na maneno ni ya Gus Kahn. Mary anauimba kwanza polepole, kwa adabu ya kanisani, na Blackie anamlazimisha auchangamshe. Baadaye anauimba kwa hiari yake mwenyewe, kwa nguvu zote, ili kuiokoa klabu ya mtu ambaye hawako pamoja tena. Ni wimbo uleule, na katika tofauti ya uimbaji huo ndimo mapenzi yao yalimosimuliwa. Mwaka 1984 jiji la San Francisco liliutambua rasmi kuwa wimbo wake.

Je, Blackie anaongoka kirahisi mno mwishoni?

Asiyetaka kujua mwisho aliruke jibu hili. Lawama hiyo ni ya kawaida, na ingekuwa ya haki kama Blackie angepiga magoti mara tu tetemeko lilipokoma. Hafanyi hivyo. Anamkuta Burley amefunikwa na matofali. Anamkuta Mat, mtu wake wa klabuni, akiwa mahututi, naye anamwambia kwamba alimkosea Mary. Anatembea hadi nguo zinachanika, na kila anayemuuliza naye ana mtu wake anayemtafuta. Yule aliyezoea kufunguliwa kila mlango anakuwa mmoja tu katika umati wa watu wenye swali lilelile.

Kambini, kwenye mahema ya waliopoteza makazi, anaisikia sauti ya Mary kabla ya kumwona. Anaimba wimbo wa kanisa kando ya mama aliyefiwa na mtoto. Blackie hakimbilii kumkumbatia. Anamwambia padre kwamba anataka kumshukuru Mungu na hajui aseme nini, kisha anapiga magoti kwa kigugumizi. Gable hakuwa na umaarufu wa kuigiza unyonge, na ugumu wake katika tukio hilo ndio unaonifanya nimwamini.

Kwa nini nakala yangu ina mwisho tofauti na ya rafiki yangu?

Kwa sababu zipo mbili. Katika zote, sauti inapaazwa kwamba moto umezimika, umati unapanda kilima ukiimba, na magofu yanageuka kuwa jiji jipya. Filamu iliporudishwa kwenye kumbi mwaka 1948, mwisho ulifupishwa ukawa picha moja ya jiji la wakati huo, kwa kuwa mandhari ya awali yalionekana kupitwa na wakati, na nakala nyingi zinazouzwa leo zinaufuata mwisho huo mfupi. Toleo la 1936 linaonyesha mfululizo wa picha za San Francisco ya mwaka ule, ikiwemo barabara ya Market yenye watu tele na daraja la Golden Gate likiwa bado linajengwa. Daraja hilo lilifunguliwa Mei 1937, kwa hiyo watazamaji wa kwanza waliondoka ukumbini wakiwa wameangalia daraja ambalo hakuna gari lililokuwa limelivuka bado.